Niliandika mada yangu nzima, kanzidata ikanijibu sifuri

*"Asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja kisiwani Pate, na nasoma shahada ya usimamizi wa huduma za afya kwa masafa. Mada yangu ni changamoto za rufaa za mama wajawazito wanaosafirishwa kwa boti kutoka visiwani hadi hospitali ya kaunti mjini Lamu. Msimamizi amenirudishia pendekezo langu mara mbili. Anasema marejeleo yangu ni magazeti na tovuti tupu, anataka makala ya kitaaluma. Nikiandika mada kwenye kanzidata ya maktaba ya chuo napata sifuri. Nikienda Google Scholar napata maelfu, na nikifungua makala yanayonifaa naambiwa nilipe zaidi ya dola 30. Mwenzangu ameniambia Lamu haijafanyiwa utafiti, nibadilishe mada. Nina simu, bando la kuhesabu, na saa mbili kila usiku watoto wakishalala. Nifanyeje?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. La kwanza: usibadilishe mada. Mtu aliyewahi kusimama gatini usiku na mama anayetokwa na damu, akisubiri boti na akiangalia maji yalivyokupwa, ana swali la utafiti ambalo wengi waliokaa ofisini hawana. Mada hiyo ishike.

Nikikusoma, naona hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba huenda utafiti haupo. Ya pili ni kwamba upo, ila umefungiwa nyuma ya pesa usizokuwa nazo. Nimefanya kazi ya ukutubi wa afya hapa Pwani kwa miaka mingi, na hofu hizo mbili nimezisikia kwa wauguzi, maafisa wa kliniki na maafisa wa kumbukumbu za afya wasiohesabika. Karibu kila mara shida ilikuwa kwenye namna ya kuuliza.

Kanzidata haielewi unachokusudia. Inachofanya ni kuangalia kama maneno uliyoyaandika yamo kwenye rekodi ya makala, yaani kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala), majina ya waandishi, taasisi zao na vibandiko vya mada. Ukiandika maneno kumi na mawili, kanzidata nyingi hutafuta rekodi yenye yote kumi na mawili kwa pamoja. Hakuna mwandishi aliyeweka *challenges*, *referral*, *pregnant*, *boat*, *islands*, *county*, *hospital* na *Lamu* katika ikisiri moja, kwa hiyo ukapewa sifuri. Hiyo sifuri inahusu sentensi yako tu. Kuhusu elimu iliyopo duniani haijasema chochote.

Google Scholar inafanya kinyume. Yenyewe huchungulia mpaka ndani ya makala, hivyo neno likitajwa mara moja katika ukurasa wa kumi na nne, au kwenye orodha ya marejeleo tu, makala hayo nayo yanaletwa. Kisha huyatanguliza yale yaliyonukuliwa sana, ambayo mara nyingi ni ya zamani na ya nchi nyingine. Hayo maelfu unayotangaziwa huwezi hata kuyafikia, kwa kuwa hukuonyesha 1,000 ya kwanza tu. Siikatai Google Scholar. Ina kazi yake, na nitakuonyesha mahali pake, ila si mahali pa kuanzia.

Sasa kuhusu Lamu "kutofanyiwa utafiti". Andika Lamu peke yake kwenye PubMed, kanzidata ya bure ya makala ya afya, uone. Miongoni mwa utakayokutana nayo ni chikungunya. Mwaka 2004 homa hiyo ililipuka kisiwani Lamu kabla ya kuvuka bahari kwenda Komoro na Réunion, na makala yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi waliopimwa damu walikuwa wameambukizwa. Wazee wa mitaa ya Langoni na Mkomani mjini Lamu wanaikumbuka hadi leo kwa maumivu ya viungo. Ukiandika Malindi utaletewa mbu wa malaria, utaletewa Malindi ya Unguja, na utaletewa waandishi ambao Malindi ni jina lao la ukoo. Ukiandika Kilifi utazama, kwa sababu KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wana kituo cha utafiti pale tangu 1989. Kwa hiyo Pwani yetu imeandikwa sana. Imeandikwa kwa magonjwa kuliko kwa uendeshaji wa huduma, na kwa majina ambayo hukuyategemea.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii: tafuta tatizo kabla ya kutafuta mahali. Tatizo lako linaitwa dharura ya uzazi, rufaa, usafiri wa wagonjwa, na watu wanaotengwa na hospitali kwa maji. Tatizo hilo lipo visiwa vya Ziwa Victoria, lipo kwenye delta za Bangladesh, lipo Indonesia na Ufilipino. Sura yako ya mapitio haikutaki uoneshe watu ishirini walioandika kuhusu Pate. Inakutaka uoneshe nini kinajulikana kuhusu akina mama wanaovuka maji kufuata upasuaji, kisha useme kwa haki kabisa kwamba kwa visiwa vya Lamu hayo hayajachunguzwa vya kutosha. Hilo pengo ndilo sababu ya utafiti wako kuwepo, na msimamizi wako ataliona hivyo ukilionyesha kwa ushahidi.

Jina la mahali lina matumizi yake baadaye, na hapo kumbuka historia yetu ya utawala. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti kufuatia Katiba ya 2010, na serikali za kaunti zilianza kazi 2013. Makala ya kabla ya hapo hayajui neno kaunti katika maana ya leo. Yanasema *district*, yanasema *Coast Province*, na Malindi, ambayo leo ni kaunti ndogo ya Kilifi, humo ni wilaya inayojitegemea. Ya baada ya 2013 yanasema *county* na *devolution*. Vivyo hivyo kwa malipo: ya miaka iliyopita yatasema NHIF (bima ya taifa ya afya ya zamani) na Linda Mama (mpango wa uzazi wa bure), ya tangu Oktoba 2024 yatasema SHA (mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF). Ukitafuta kwa jina la leo peke yake, umejifungia nje miaka mingi ya utafiti.

Nikueleze kidogo kinachofanyika nyuma ya pazia, maana ukikielewa hutahitaji kukariri chochote. PubMed inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilianza 1996, ni bure kwa kila mtu, na ina rekodi zaidi ya milioni 37. Sehemu kubwa ya rekodi hizo zimebandikwa vibandiko vya mada kutoka orodha moja rasmi inayoitwa MeSH. Kazi ya kibandiko ni kuwakutanisha waandishi wasiotumia neno moja. Huyu ameandika *ambulance*, yule *patient transport*, mwingine *getting mothers to hospital*, na wote wanaweza kuwekwa chini ya *Transportation of Patients*. Ukikijua kibandiko, unawapata wote kwa mkupuo.

Vibandiko navyo hubadilika. Watumishi wa afya kwa miaka mingi waliwekwa chini ya *Health Manpower*, leo ni *Health Workforce*. Tangu 2022 kazi ya kubandika kwenye MEDLINE, ambayo ndiyo kiini cha PubMed, inafanywa na kompyuta, watu wakikagua sehemu tu. Pia si kila rekodi iliyomo PubMed hupewa kibandiko. Ndiyo maana nakushauri utumie vyote viwili, kibandiko na maneno ya kawaida. Anayetegemea vibandiko peke yake hukosa makala mapya, na anayetegemea maneno peke yake hukosa yaliyoandikwa kwa msamiati mwingine.

Msamiati wenyewe unahitaji jicho. Sisi tunasema afisa wa kliniki na makala ya Kenya husema *clinical officer*, lakini mwandishi wa kimataifa anaweza kumwita *non-physician clinician*. Zahanati yako ni *dispensary* kwetu, kwingine ni *primary health care facility*. Waingereza huandika *caesarean* na *centre*, Wamarekani *cesarean* na *center*. Chukua karatasi, chora safu tatu, na katika kila safu andika majina yote unayoweza kufikiria ya kitu kimoja. Fanya hivyo kabla ya kuwasha data. Ni nusu saa isiyokula bando hata shilingi, na ndiyo nusu saa yenye faida kubwa kuliko zote.

Haya, tufanye pamoja. Kwenye PubMed fungua ukurasa ulioandikwa Advanced. Tafuta kila safu peke yake, kisha uziunganishe kwa namba zake. Safu ya kwanza, uzazi:

*pregnancy OR maternal OR obstetric OR childbirth*

Safu ya pili, rufaa na usafiri:

*referral OR transfer OR ambulance*

Safu ya tatu, maji na umbali:

*island OR islands OR boat OR riverine OR remote*

Mwisho andika *#1 AND #2 AND #3*. Hizo OR na AND ziwe kwa herufi kubwa. Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu akilini mwetu "na" inaongeza. Fikiria hotelini. Ukiagiza samaki na wali, sahani isiyo na vyote viwili unairudisha. Hiyo ndiyo AND, inabana. Ukisema samaki au nyama, chochote kilichopo jikoni utaletewa. Hiyo ndiyo OR, inapanua. Ndani ya safu tumia OR, kati ya safu na safu tumia AND.

Ukijaribu kama nilivyoandika hapo juu, matokeo yatakuudhi, na nimeyaacha hivyo makusudi ili uone kosa linavyotambulika. Utaona makala mengi kuhusu mimba za kupandikiza. Mbona? Kwa sababu *transfer* katika ulimwengu wa uzazi ni kwanza kuhamishia kiinitete ndani ya tumbo la uzazi. Kisha utaona makala ya madaktari wa Marekani wasiokuwa na habari na boti. Hao wameletwa na *island*, kwa kuwa wanafanya kazi jimbo la Rhode Island, na PubMed imelisoma neno hilo kwenye anwani ya taasisi yao.

Usikimbilie NOT. Ukisema NOT *embryo*, makala mazuri yaliyotaja neno hilo kwa bahati tu nayo yanatupwa. Rekebisha chanzo. Mahali pa *transfer* weka *"patient transfer"* ndani ya alama za kunukuu, na uongeze *"transportation of patients"*. Kwa safu ya tatu, kwenye kisanduku kinachosema All Fields chagua Title/Abstract, ili maneno yatafutwe kwenye kichwa na ikisiri na yasiguse anwani. Unganisha tena. Orodha itapungua sana, na kilichobaki kitaanza kufanana na kazi yako. Ni kama kuingia Langoni ukauliza "Ali yuko wapi?" Kila mtu atakuonyesha Ali wake. Taja mtaa, taja ni mwana wa nani, utapelekwa mlangoni.

Jambo dogo kuhusu alama. PubMed ina mazoea mazuri ya kuchukua neno lako la kawaida na kulitafutia kibandiko chake kimya kimya. Ukiandika *referral* bila alama yoyote, nayo hutafuta pia *Referral and Consultation*. Ukizungushia neno alama za kunukuu au ukaliwekea nyota mwishoni, mazoea hayo huzimika kwa neno hilo. Alama zitumie panapohitajika tu.

Baada ya kikapu hicho cha kwanza cha matokeo, tengeneza cha pili. Ondoa safu ya maji na umbali, mahali pake weka *Kenya OR Tanzania OR Uganda*. Hiki kitakuletea rufaa za uzazi katika mifumo inayofanana na wetu hata kama hakuna bahari. Vikapu hivi viwili usivichanganye. Cha kwanza kinakusemea maji, cha pili kinakusemea mfumo.

Ukipata makala moja yanayokugusa moyo, kaa nayo. Shuka chini ya ikisiri uone yamebandikwa vibandiko gani, na uviandike kwenye karatasi yako. Bonyeza Similar articles. Angalia Cited by. Kisha pitia marejeleo yake, maana mwandishi huyo ameshakufanyia sehemu ya kazi. Kwa mada yako nina hakika utakutana tena na tena na Thaddeus na Maine, makala ya 1994 katika jarida la *Social Science & Medicine*. Ndiyo yaliyoeneza wazo la ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hapa ndipo Google Scholar inapopata kazi yake. Andika kichwa cha makala hayo, bonyeza Cited by, kisha utafute neno *island* au *boat* ndani ya hao walioyanukuu tu. Utakuwa umemtumia mtu wa 1994 kukufikisha kwa watu wa mwaka huu.

Sasa niseme jambo ambalo wauguzi wengi wanaosomea usimamizi hulikosa, na nadhani ndilo linalomsumbua msimamizi wako kuliko idadi ya marejeleo. Shahada yako ni ya usimamizi. Swali la kliniki ni: mama huyu anatokwa na damu, afanyiwe nini? Swali la usimamizi ni: mafuta ya boti yako kwenye bajeti ya nani? Nahodha wa usiku analipwa na nani? Zahanati inaipigia hospitali simu kwa utaratibu gani, na hospitali inarudisha taarifa kisiwani au mama akishavuka habari zake zimekwisha? Injini ikiharibika wakati wa kusi, nani mwenye mamlaka ya kukodi boti ya mtu binafsi? Makala ya maswali haya hayakai nyumba moja. Mengine yako PubMed, katika majarida kama *BMC Health Services Research*, *Health Policy and Planning* na *Human Resources for Health*. Mengine yako kwenye kanzidata za biashara na uongozi ambazo vyuo hulipia, za EBSCO, ProQuest au Emerald. Muulize mkutubi wako chuo kimelipia ipi, kisha upeleke safu zako huko. Na CINAHL, kanzidata kubwa ya uuguzi, ikiwepo usiiache. Ila ina orodha yake yenyewe ya vibandiko, kwa hiyo usidhani neno la MeSH litakubaliwa humo kama lilivyo.

Ukitaka maneno ya upande huu wa usimamizi, jaribu *Health Services Accessibility*, *Hospital Administration* na *Personnel Turnover* kama vibandiko, na *governance*, *financing*, *leadership*, *coordination* kama maneno ya kawaida. Jaribu pia *"maternity waiting homes"*, zile nyumba ambazo mama hukaa karibu na hospitali siku za mwisho za mimba. Shirika la Afya Duniani linazitaja kama njia mojawapo kwa watu walio mbali na huduma. Hata kama hutazipendekeza, msimamizi atakuuliza kwa nini uboreshe boti badala ya kumvusha mama mapema, na ni vyema uwe na jibu.

Kuhusu pesa: usilipe. Tabibu mmoja wa Malindi aliwahi kunijia akiwa ameshakatwa dola 39 kwenye kadi yake kwa makala ambayo yalikuwa wazi kwa kila mtu kwenye PubMed Central (PMC), hifadhi ya bure ya makala kamili. Roho iliniuma, kwa sababu dakika mbili zingetosha kumwepusha. Mchapishaji anapokuonyesha bei anakuonyesha mlango wake tu, na milango iko zaidi ya mmoja. Kwenye rekodi ya PubMed tazama kama pameandikwa Free PMC article. Kama hapana, nakili kichwa ukitafute Google Scholar, ubonyeze All versions, maana mara nyingi chuo cha mwandishi kimeweka nakala. Kama hapana tena, uliza kuhusu Hinari. Huo ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani 2002, ambao kwao wachapishaji hufungua majarida yao bure au kwa ada ndogo kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Husajiliwa taasisi, si mtu: chuo, hospitali, ofisi ya afya ya serikali. Mkutubi wa chuo chako anaweza kuwa nayo na wanafunzi hawajaambiwa. Ukipewa nenosiri usilirushe kwenye kundi la WhatsApp, kwani wachapishaji wakiona upakuaji usio wa kawaida huifungia taasisi nzima, na wanaoumia ni wenzako.

Njia ya mwisho watu huionea haya, nami naipenda: mwandikie mwandishi. Barua pepe yake iko kwenye makala. Mistari mitatu inatosha, wewe ni nani, unasoma nini, unaomba nakala. Waandishi wengi huruhusiwa kumtumia nakala mtu anayeomba, na wengi hufurahi kusikia kwamba muuguzi wa kisiwani anaisoma kazi yao.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke tiki kwenye kichujio cha Free full text unapoanza kutafuta. Kitakuficha makala ambayo ungeyapata kwa Hinari au kwa barua pepe, na utaandika mapitio ya kile kilichokuwa rahisi kupakua. Soma ikisiri kwanza, amua unalihitaji lipi, ndipo ulitafutie mlango.

Kuwa bure hakuyafanyi makala kuwa dhaifu, na kulipiwa hakuyafanyi kuwa imara. AJOL, iliyoanza 1998 na inayokusanya majarida ya Afrika, ina kazi nzuri ambazo PubMed haina, nawe ni Mwafrika unayeandika kuhusu Afrika, kwa hiyo pita huko. Yapo pia majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa, bila wataalamu wenzake kuipitia kazi. Ukilishuku jarida, angalia kama limo kwenye MEDLINE au kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, na usome sehemu ya mbinu. Walichagua vipi watu wao? Walikuwa wangapi? Kama huwezi kujibu hayo baada ya kusoma mara mbili, waachie.

Na nakusihi kuhusu roboti za mazungumzo za akili mnemba. Zitumie kukupa visawe vya Kiingereza vya safu zako, hapo zinasaidia. Marejeleo usiziombe. Nimekaa na wanafunzi tukikagua orodha walizopewa, na tukakuta makala yenye kichwa kizuri, jarida la kweli na mwandishi wa kweli, lakini makala yenyewe hayakuwahi kuandikwa. Kila rejeleo litafute kwa namba yake ya DOI, namba ya kipekee ya makala mtandaoni. Lisipofunguka, lifute.

Msimamizi wako yuko sawa kuhusu magazeti, ila usitupe kila kisicho jarida. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022, miongozo ya Wizara ya Afya, mpango wa maendeleo wa kaunti na nyaraka za Shirika la Afya Duniani ni ushahidi halali katika usimamizi. Viweke mahali pake, vikuonyeshe hali na sera, na makala ya utafiti yakuonyeshe sababu na matokeo.

Una saa mbili kila usiku. Ningekuwa wewe, ningechagua kanzidata mbili tu, PubMed na moja ya uongozi ambayo chuo kimelipia, nikazifanya kwa makini badala ya kugusagusa saba. Usiku wa kwanza ni wa karatasi na safu. Wa pili na wa tatu ni wa kutafuta, na hapo usipakue kitu. Chagua ikisiri zinazofaa, bonyeza Email ujitumie zote kwa pamoja, uzisome bando likiwa limezimwa. Baada ya hapo fungua akaunti ya bure ya NCBI, kituo cha maktaba hiyo ya Marekani kinachoendesha PubMed, hifadhi utafutaji wako, na PubMed itakutumia barua kila makala mapya yanapoingia. Na tangu usiku wa kwanza weka daftari: tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia, idadi iliyotoka. Msimamizi akiuliza ulitafutaje, utamsomea.

Ukishafanya haya na bado vikapu vyote viwili vina makala manne au matano tu, usiendelee kupambana peke yako. Hali kadhalika kama msimamizi ataamua kwamba kazi yako iwe mapitio ya kimfumo, kwani hiyo ina masharti yake ya kutafuta na kuripoti, na haifai kujifunzwa usiku kwa simu. Mtafute mkutubi wa chuo ana kwa ana, au kwa simu ya video kama safari ya kutoka Pate hadi Mokowe na kushika basi haiwezekani. Usiende na ombi la "nisaidie kupata makala". Nenda na daftari lako, safu zako tatu, na makala mawili ambayo ungetamani mengine yafanane nayo. Mkutubi akiyaona hayo mawili atajua vibandiko vya kuanza navyo kabla hujamaliza kueleza.

Na kabla hujagusa daftari la rufaa la zahanati yako kunakili hata tukio moja, hakikisha una kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Kufanya kazi hapo si ruhusa ya kutumia kumbukumbu za akina mama kwa utafiti. Swali hilo lipeleke kwa msimamizi wako wiki hii hii, maana vibali hukawia, na unaweza kuendelea kusoma makala yako unapovisubiri.